Vijiti, mishumaa na matofali: chati za bei za fyucha zinasomwaje?

Leo sina habari za siasa.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kafe moja hapa mjini, upande wa Jamatini. Jamaa wa kompyuta ya pili alikuwa kafungua chati imejaa matofali ya kijani na mekundu. Nikamuuliza, kaka hiyo bei ya nini? Akasema mahindi, Chicago. Nikamuuliza tena, kila tofali ni muda gani? Akasema, "Si siku moja moja." Hapana wadau, tofali sio siku. Inaweza kuwa dakika mbili, inaweza kuwa wiki tatu. Yule bwana alikuwa anahesabu siku kwa matofali na anataka kuweka hela yake hapo!

Simcheki, maana kosa la ukoo huo huo nimelifanya mimi, na aliyelipia sio mimi, ni mjomba wangu wa Kongwa. Nitafika huko. Nimemaliza kidato cha nne na D ya hesabu, kwa hiyo kama mimi nimeelewa haya mambo hakuna atakayeshindwa.

FYUCHA KWANZA

Fyucha ni mkataba wa kununua au kuuza mzigo mwezi fulani ujao kwa bei mnayokubaliana leo, na mkataba wenyewe unauzwa sokoni kila siku kama bidhaa. Wenzetu wa Kagera wanaijua butura, ile ya kuuza kahawa ikiwa bado maua. Tofauti ni kwamba butura mkulima anakutana na mwenye hela peke yake na anapunjwa, ila fyucha inauzwa hadharani, ujazo na ubora vimepangwa, na bei inaonekana na kila mtu. Mkataba mmoja wa mahindi Chicago ni bushel 5,000, ambazo ni kama tani 127. Bushel moja ya mahindi ni kilo 25.4, na bei yake inaandikwa kwa senti za dola. Ukiona 450 maana yake dola 4.50 kwa bushel, sawa na kama dola 177 kwa tani, au dola 17.70 kwa gunia la kilo 100. Johannesburg kuna mkataba wa mahindi meupe, haya haya ya ugali wetu, tani 100 kwa mkataba, bei kwa randi, na una historia tangu 1996. Kuala Lumpur kuna mawese ghafi, tani 25 kwa mkataba, bei kwa ringgit.

Hapa kwetu tuna Soko la Bidhaa, TMX, lililozinduliwa 2015. Minada yake ya ufuta, mbaazi na korosho ni ya mzigo ambao tayari uko ghalani kwa stakabadhi, sio fyucha. Wengi wanachanganya hapo.

KIJITI

Bei hubadilika kila dakika, na huwezi kuchora kila muamala ukaelewa kitu. Kwa hiyo miamala inafungwa mafungu mafungu, na kila fungu linachorwa alama moja. Kwa haraka mtu angeiita hiyo alama "baa", lakini ukitaja baa Dodoma watu watakuuliza ipi na iko mtaa gani, kwa hiyo mimi nitaita kijiti.

Chukua soko la Kibaigwa, pale barabara ya Morogoro. Tuseme (ni mfano tu) asubuhi gunia la kwanza la mahindi limeuzwa 60,000. Mchana malori ya Dar yamefika, bei ikapanda hadi 68,000. Wakati mwingine ilishuka hadi 57,000. Gunia la mwisho jioni limeenda kwa 62,000. Siku nzima inabaki na namba nne: kufungulia 60,000, juu 68,000, chini 57,000, kufungia 62,000. Unachora mstari wima kutoka 57,000 hadi 68,000. Upande wa kushoto unaweka kamkono kafupi kwenye 60,000, upande wa kulia kamkono kwenye 62,000. Basi, umemaliza. Kuna vijiti vingine havina mkono wa kushoto, yaani bei ya kufungulia imeachwa. Magazeti ya zamani yalipenda hivyo maana wino na nafasi ni hela.

Sasa angalia kitu ambacho watu hawakioni. Je, siku ile bei ilipanda kwanza hadi 68,000 ndipo ikaanguka? Au ilianguka kwanza 57,000 ndipo ikapaa? KIJITI HAKISEMI. Siku hizo mbili ni tofauti kabisa kwa mwenye mzigo. Wa siku ya kwanza aliyesema "ikishuka chini ya 58,000 nauza nisipate hasara zaidi" alishaona 68,000 kabla ya kuuza. Wa siku ya pili aliuza kwa hofu asubuhi, halafu akakaa kuangalia wenzake wanapata 68,000. Vijiti vyao vimefanana kama mapacha. Ukitaka kujua kilichotangulia inabidi ufungue vijiti vya muda mfupi zaidi, vya saa au dakika 15.

MISHUMAA

Mshumaa ni namba zile zile nne, hakuna cha ziada. Kati ya bei ya kufungulia na kufungia unachora mwili mnene, na juu na chini unaweka utambi. Ikifungia juu ya ilipofungulia mwili ni kijani, ikifungia chini ni nyekundu. Kwa hiyo Kibaigwa yetu ni mshumaa wa kijani wenye mwili mdogo wa 2,000, utambi wa juu mrefu wa 6,000 na wa chini wa 3,000. Macho yanaelewa haraka kuliko kijiti, ndiyo maana siku hizi kila mtu anatumia mishumaa. Ila angalia rangi, maana Japani na China nyekundu mara nyingi ni KUPANDA. Ukifungua tovuti ya huko bila kujua unaweza kushangilia msiba.

Asili yake ni Japani, kwenye biashara ya mpunga. Soko la Dojima, mji wa Osaka, lilitambuliwa rasmi na serikali ya shogun mwaka 1730, na kilichokuwa kinauzwa pale hasa ni hati za mpunga uliohifadhiwa ghalani. Yaani stakabadhi ghalani, karibu miaka 300 iliyopita! Nikisikia mtu anasema mfumo huo sisi tumeletewa juzi na wataalamu, nacheka. Kuna mfanyabiashara anaitwa Munehisa Homma anayepewa sifa ya kugundua mishumaa, lakini hilo wanahistoria wanalitilia shaka. Magharibi walizoea mishumaa baada ya Mmarekani Steve Nison kutoa kitabu chake mwaka 1991.

MUDA, NA SAA ZETU

Kijiti na mshumaa wa kawaida hukatwa kwa muda: dakika, saa, siku, wiki. Inaonekana rahisi mpaka ujiulize siku inaanza saa ngapi. Mahindi ya Chicago, kikao cha "leo" kinafunguliwa saa moja jioni ya jana yao. Kwetu hiyo ni saa kumi alfajiri, au saa tisa usiku wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele, kati ya Machi na Novemba. Kuala Lumpur wametutangulia saa tano. Kikao chao cha asubuhi kinaanza 10:30 yao, ambayo kwetu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, wanapumzika kwa saa mbili, kisha kikao cha mchana kinafungwa saa 12 jioni yao, sisi ni saa saba mchana. Tangu Desemba 2021 wana na kikao cha usiku. Kwa hiyo ukichora vijiti vya saa nne nne kwenye soko lenye mapumziko katikati, vingine vinabeba biashara ya saa nne kweli na vingine vina saa mbili tu, lakini kwenye chati upana ni ule ule.

Halafu bei ya kufungia ya siku kwenye fyucha mara nyingi SIO muamala wa mwisho. Soko linatangaza bei ya makabidhiano, ambayo kwa mahindi Chicago ni wastani wa miamala ya dakika moja karibu na mwisho wa kikao. Ndiyo maana tovuti mbili zinaweza kukupa kufungia tofauti na zote zikawa sahihi.

MIAMALA, MIZIGO NA UMBALI

Kuna watu walisema, kwa nini tukate kwa saa wakati soko saa nyingine limelala na saa nyingine linawaka moto? Wakaanza kukata kwa idadi ya miamala. Kila miamala 500, kijiti kimoja. Soko likichangamka vijiti vinakuja kama mvua, likipoa hakuna kitu. Kasoro yake ni kwamba muamala ni muamala tu. Ni sawa na kukaa geti la Kibaigwa unahesabu mauzo, aliyenunua debe moja ni alama moja na aliyejaza Fuso ni alama moja. Kwa hiyo wengine wanakata kwa wingi wa mzigo: kila mikataba 1,000 ikishauzwa, kijiti kinafungwa. Mimi naona hii ina haki zaidi. Angalau kwenye fyucha mkataba ni mkataba, tani zake hazibadiliki, hakuna lumbesa.

Kuna pia vijiti vya umbali, ambavyo sifa zake anapewa Mbrazili Vicente Nicolellis, miaka ya 1990. Kila kijiti kina urefu sawa kutoka chini hadi juu, iwe kimechukua dakika au saa sita. Sitakaa sana hapo. Hivi vya miamala, mizigo na umbali tovuti nyingi ni za kulipia, na kwa kompyuta za kafe zetu vinavuta intaneti kweli kweli. Ile ya herufi X na O nayo ipo tangu zamani, haina muda kabisa, ukielewa matofali umeielewa nusu.

MATOFALI (RENKO)

Jina linatokana na renga, Kijapani cha tofali. Unachagua ukubwa wa tofali, tuseme 2,000 kwa gunia. Bei ikienda 2,000 kamili unaongeza tofali, isipofika huongezi kitu. Hakuna muda, hakuna utambi. Chati inapendeza, imetulia, mtu anaona mwelekeo waziwazi.

Lakini fanya hesabu hii. Tofali la mwisho ni la kijani, kutoka 60,000 hadi 62,000. Ili tofali jingine la kijani lije lazima bei ifike 64,000. Ili lije jekundu lazima ishuke mpaka 58,000, kwa sababu kugeuka kunaanza kuhesabiwa chini ya tofali la mwisho. Sasa bei ipande hadi 63,900. Chati kimya. Ianguke hadi 58,100. Chati bado kimya, kijani kile kile. Bei imeshuka 5,800 kwa gunia. Mwenye gunia 100 amepungukiwa thamani ya shilingi 580,000 na picha haijasogea hata kidogo. Sisemi Renko ni mbaya. Nasema huo utulivu umeununua kwa 580,000.

HEIKIN-ASHI, ILIYOTUUMIZA

Heikin ni wastani, ashi ni mguu, ndivyo Wajapani wanavyokiita kijiti. Kwa macho ni mishumaa kabisa, huwezi kuitofautisha kama hujui. Ndani ni kitu kingine. Bei yake ya "kufungia" ni jumla ya zile namba nne gawanya kwa nne. Bei yake ya "kufungulia" ni nusu ya jumla ya kufungulia na kufungia kwa mshumaa wa Heikin-Ashi uliotangulia.

Turudi Kibaigwa. 60,000 + 68,000 + 57,000 + 62,000 ni 247,000, gawanya kwa nne unapata 61,750. Hakuna mtu aliyefungia soko kwa 61,750, gunia la mwisho lilikuwa 62,000. Kufungulia sasa: tuseme mshumaa wa jana ulikuwa 55,000 na 58,000, nusu yake ni 56,500. Kumbuka bei ya chini ya siku nzima ilikuwa 57,000. Yaani chati inakuonyesha soko limefungulia 56,500, bei ambayo siku ile HAIKUWEPO, hata aliyeuza kwa shida zaidi alipata zaidi ya hiyo. Na kwa kuwa chini ya mshumaa inachukua namba ndogo kuliko zote, nayo inaandikwa 56,500. Namba ya kubuni imekuwa sehemu ya picha.

Sasa ya mjomba. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza Februari, mafuta ya kula yalipaa dunia nzima. Mawese Kuala Lumpur yalivuka ringgit 7,000 kwa tani mwezi Machi. Tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia kuuza mawese nje, bei ikagusa tena juu ya 7,000. Alizeti yetu ya kanda ya kati inashindana na hayo hayo mawese yanayoingia nchini, kwa hiyo mjomba, ambaye ndiyo alikuwa anavuna, akanipigia: "Mpwa wangu, wewe unayeshinda kwenye kompyuta, hebu niangalizie, niuze au nisubiri?"

Nikamwambia shikamoo mjomba, nipe siku mbili. Nikaenda kafe, nikafungua chati ya mawese ya mwezi kwa mwezi. Kompyuta ile kuna mtu alikuwa ameiacha kwenye Heikin-Ashi, mimi sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo. Nikaona kijani, kijani, kijani, hakuna hata utambi wa chini wa maana. Nikasoma namba za pembeni, nikaziandika kwenye karatasi kama bei. Nikampigia, "Mjomba subiri, bado inapanda."

Indonesia ikaondoa zuio tarehe 23 Mei. Juni bei ikaanza kuporomoka, na katikati ya Julai ilikuwa chini ya ringgit 4,000. Wanunuzi waliokuwa wanamfuata mjomba nyumbani wakawa yeye ndiye anawatafuta. Aliuza mwishoni, kwa bei ambayo mpaka leo hanitajii, na ada ya binti yake muhula ule ilikuwa kwa kukopa.

Niseme ukweli, bei ya alizeti Kongwa haiamuliwi na Kuala Lumpur peke yake. Kuna ushuru wa mafuta yanayoingia, kuna dola, kuna viwanda vya Singida vina hela au havina. Hata ningekuwa na mishumaa halisi ningeweza kukosea. Lakini ningeona kwamba mawese yalishatoka juu ya 7,000 na kuteleza mwezi Mei. Badala yake nilisoma wastani wa miezi iliyopita nikampa mtu kama bei ya leo. Heikin-Ashi kazi yake halali ni kulainisha kelele ili uone mwelekeo, na kwa hilo iko vizuri. Kusoma bei, hapana.

KABLA HUJAAMINI CHATI YA KAFE

Angalia juu ya chati pameandikwa aina gani. TradingView kuna kialama kidogo cha mshumaa, ukibonyeza unaona orodha na ipi imechaguliwa. Usiamini macho, Heikin-Ashi na mishumaa zinafanana. Bei za bure mara nyingi zinachelewa kama dakika 10 au 15, hilo kwa mkulima sio tatizo, ila kwa anayetaka kununua na kuuza ndani ya saa moja ni hatari.

Halafu jua unaangalia mkataba wa mwezi gani. Mikataba ya mahindi Chicago huisha Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Chati ndefu ya miaka imeunganishwa vipande vya mikataba, na pale kwenye kiungo bei inaweza kuruka ghafla bila mtu yeyote kununua wala kuuza kwa tofauti ile. Kutoka Julai kwenda Desemba ni kama kutoka mahindi ya ghala ya mwaka jana kwenda mahindi mapya, bidhaa kama mbili tofauti. Tovuti nyingine zinarekebisha bei za nyuma ili kuziba hilo pengo, na hapo bei ya zamani unayoiona nayo sio iliyolipwa. Kwa mawese, mkataba unaotajwa sana kwenye habari ni wa mwezi wa tatu mbele, sio wa mwezi huu.

Mimi siku hizi nafungua mishumaa ya siku kwanza, naandika zile namba nne kwenye daftari kwa mkono, ndipo nageuza Renko au Heikin-Ashi nione mwelekeo. Mjomba naye kaanza daftari lake la bei za Kibaigwa, kila siku ya soko, asubuhi na jioni. Tuna kurasa chache tu. Mdau yeyote mwenye bei za zamani za pale, za mahindi au alizeti, hata kama kaandika nyuma ya risiti, naomba aniwekee kwenye maoni hapo chini, nizichoree vijiti tuzione wote.